Kipandikizi, daraja au meno ya kuvua: tazama kwanza meno ya jirani

Mtu aliyepoteza jino akianza kutafuta la kuziba pengo, swali lake la kwanza huwa bei, na simlaumu. Kipandikizi kimoja, yaani skrubu inayoingizwa kwenye mfupa wa taya ili ibebe jino la bandia, kwa Tanzania huhesabiwa kwa mamilioni ya shilingi, na kwa Kenya huvuka laki moja, wakati jino moja la akriliki (plastiki ngumu) la kuvaa na kuvua hupatikana kwa sehemu ndogo tu ya fedha hiyo. Lakini bei ikitangulia, mara nyingi mtu huishia kulipia kitu kisichomfaa, kiwe ghali au rahisi. Mimi ni fundi wa maabara ya meno. Kazi yangu ni kutengeneza madaraja (jino la bandia linaloshikwa na meno ya jirani), kofia (ganda linalovalishwa juu ya jino) na meno ya bandia ambayo daktari humvalisha mgonjwa. Kila kazi inayofika mezani kwangu huja na umbo la plasta la kinywa kizima, na kwa kuyatazama maumbo hayo nimeona kwamba pengo lenyewe halikuambii ufanye nini. Yanayokuambia ni meno yaliyo kulia na kushoto kwake, pamoja na lile linalokutana nalo juu au chini.

Je, pengo lazima lizibwe?

Kuna pengo ambalo halidai kitu. Gego la mwisho nyuma likitoka na mengine yakabaki salama, watu wengi hutafuna vizuri tu bila hilo. Mtafiti Arnd Käyser wa Nijmegen, Uholanzi, aliliandika jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 1980: kinywa chenye meno yote ya mbele na magego madogo yanayokutana juu na chini kinaweza kuhudumu hata magego makubwa yakiwa yameondoka. Tanzania nayo ina utafiti wake, uliochapishwa mwaka 2003, ambao uliwauliza watu wazima wenye vinywa vya namna hiyo jinsi wanavyotafuna vyakula vya kawaida. Waliobaki na magego madogo yote na angalau jozi moja ya magego makubwa walitafuna bila shida ya maana. Waliotaabika hasa ni wale waliobaki na jozi mbili za nyuma au pungufu. Kwa hiyo ukiambiwa ni lazima uweke kipandikizi mahali pa gego namba saba, yaani gego kubwa la pili, una haki ya kuuliza kwa nini.

Pengo la katikati ya safu ni habari nyingine. Gego la kwanza kubwa, lile linaloota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, ndilo linalong'olewa sana kuliko mengine, kwa sababu limekaa kinywani muda mrefu na mara nyingi mzazi hudhani ni la utotoni, litatoka tu. Likiondoka kwa kijana, la nyuma yake huanza kulala kuelekea mbele, na la juu huanza kushuka kulifuata pengo. Si kila mtu humtokea hivyo, lakini ninayo maumbo ya plasta ambayo jino la juu limeshuka hadi karibu liguse ufizi wa chini. Likifika hapo hakuna jino la aina yoyote unaloweza kuliingiza mpaka la juu lichongwe au lirudishwe kwa waya. Anayefikiria kuziba pengo la namna hii asikae nalo miaka.

Gego moja limetoka, jirani zake ni wazima

Hapa ndipo kipandikizi kinapolishinda daraja, na sababu yake huonekana wazi kabisa maabara.

Daraja la kawaida la kutibu pengo moja lina vipande vitatu vilivyoungana: kofia mbili zinazovalishwa meno ya pembeni, na jino la bandia linaloning'inia katikati. Ili kofia ikae, jino la jirani huchongwa kuzunguka pande zote, milimita moja na nusu hivi pembeni na hadi milimita 2 juu. Ukisikia namba hizo unaona ni kidogo. Ukilishika lile umbo la plasta unaona kisiki chembamba kilichobaki pale palipokuwa na gego pana lenye vilima na mabonde yake. Zaidi ya nusu ya sehemu inayoonekana juu ya ufizi imeondoka, na haiwezi kurudi. Baadhi ya meno yaliyochongwa hivyo hufa mshipa wake baada ya miaka, yakahitaji kutibiwa mzizi kupitia kofia. Kazi hiyo nimeitengeneza mara nyingi, na bado huwa nasita nikiona visiki vya meno ambayo hayakuwahi kutoboka hata kidogo.

Kipandikizi hakigusi jirani. Ni skrubu ya titani yenye upana wa milimita 4 hivi na urefu wa milimita 10 hivi, inayoingizwa kwenye mfupa wa taya kwa ganzi ya kawaida. Huachwa miezi 3 hadi 6 ili mfupa ukue na kuishika, kisha juu yake hufungwa kiunganishi na kofia. Aliyegundua kwamba mfupa hushikana na titani ni Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi, katika majaribio aliyoyaanza mwaka 1952 kwa sungura. Mgonjwa wake wa kwanza, Gösta Larsson, aliwekewa mwaka 1965 mjini Göteborg na akavitumia vipandikizi vyake hadi alipofariki mwaka 2006.

Tafiti zilizowafuatilia wagonjwa kwa miaka 10 zinaonyesha kwamba njia zote mbili hudumu kwa walio wengi, takriban 9 kati ya 10 au zaidi. Kwa hiyo usishawishiwe na anayesema daraja huanguka haraka. Tofauti iko kwenye kinachotokea siku mambo yakiharibika. Daraja linapokufa, kwa kawaida kilichokufa ni jino lililolibeba: limeoza chini ya kofia au limevunjika. Ulikuwa na pengo moja, sasa una mawili, pengine matatu. Kipandikizi kikishindwa kushika, hutolewa, mfupa unaachwa upone, na mara nyingi kingine huwekwa hapohapo. Jirani zako bado wapo kama walivyokuwa.

Sasa geuza hali. Jirani mmoja alishazibwa, na kilichozibiwa kinashika nusu ya jino, mwingine alishatibiwa mzizi na amebaki ganda. Meno hayo yanahitaji kofia hata kama pengo lisingekuwepo. Hapo daraja linakuwa kazi moja inayotibu matatizo matatu, linakamilika ndani ya wiki mbili au tatu, na kumshauri mtu huyo atoboe mfupa kisha anunue kofia nyingine mbili pembeni ni kumtwisha gharama bila sababu. Mimi ningechagua daraja bila kusita, ilimradi mizizi ya meno hayo imekaa imara mfupani.

Je, jino moja la kuvua mahali pa gego? Linafanya kazi, lakini watu wengi huliweka kabatini. Linahitaji bamba la akriliki linalokaa upande wa ndani wa taya na waya zinazokumbatia meno mengine, mzigo mkubwa kwa ajili ya gego moja ambalo hata halionekani ukicheka. Kama fedha ya kipandikizi haipo na jirani ni wazima, na pengo halijaanza kuwasogeza wenzake, ningesubiri nikiwa nachanga, huku daktari akilipima pengo kila mwaka.

Jino la mbele

La mbele halisubiri. Mtu aliyeanguka na bodaboda akapoteza jino la juu la mbele anataka jino kabla ya Jumatatu, na hapo jino la kuvua la akriliki lina heshima yake. Hutengenezwa kwa siku chache, halichongi kitu, na humpa daktari muda wa kuacha kidonda kipone. Lichukulie kama la mpito na utafurahi nalo. (Kama jino limeng'oka zima na halijapita saa moja, usilitupe na usilisugue: lishike kwa upande mweupe, liweke kwenye maziwa, kimbilia kwa daktari alirudishe. Jino lako mwenyewe likikubali ni bora kuliko chochote ninachoweza kutengeneza.)

Kwa pengo la mbele lenye jirani wazima kuna njia ya tatu ambayo wagonjwa wengi hawatajiwi: daraja la kugandishwa. Ni jino la bandia lenye ubawa mwembamba wa chuma au zirkonia (aina ya kauri ngumu) unaogundishwa nyuma ya jino la pembeni kwa gundi maalumu ya meno. Uchongaji ni mdogo mno au haupo. Likibanduka, hugundishwa tena, na jino lililolishika linabaki zima. Bei yake iko mbali chini ya kipandikizi. Halifai mahali pa magego penye nguvu kubwa ya kutafuna, wala kwa mtu anayesaga meno usingizini.

Jambo moja linawahusu hasa watu wa Arusha, Kilimanjaro na Bonde la Ufa upande wa Kenya, ambako maji ya visima na chemchemi yana floraidi nyingi. Jino lenye madoa ya kahawia ya floraidi lina tabaka la juu ambalo gundi hailishiki vizuri kama jino la kawaida. Daktari anayejua huandaa uso wa jino zaidi kabla ya kugundisha, kwa hiyo mkumbushe ulikokulia. Pia mwambie fundi, kupitia daktari, kama unataka jino jipya lifanane na wenzake. Kofia nyeupe kama karatasi katikati ya meno ya kahawia hupiga kelele, na madoa hayo tunaweza kuyachora kwenye kauri kabla ya kuichoma.

Kipandikizi cha mbele ni kizuri kikifanywa vizuri, lakini ndicho kigumu kuliko vyote. Mfupa wa mbele juu ni mwembamba, na ufizi ukishuka milimita moja tu, kiunganishi cha kijivu huanza kuonekana. Hapo ndipo ningelipia uzoefu wa daktari kuliko mahali pengine popote. Na kwa kijana ambaye taya bado linakua, jibu ni hapana hata mzazi awe na uwezo gani. Kipandikizi hakisogei pamoja na mfupa unaokua, kwa hiyo miaka michache baadaye jino hilo litaonekana limebaki juu kuliko wenzake. Wasichana husubiri hadi miaka 18 hivi, wavulana mara nyingi zaidi ya hapo. Daraja la kugandishwa au jino la kuvua huwavusha.

Mapengo mengi

Safu nzima ya magego ya upande mmoja ikiwa imeondoka hadi mwisho, daraja la kawaida halina pa kutua, maana nyuma hakuna jino la kulibeba. Zinabaki njia mbili: vipandikizi viwili au vitatu vinavyobeba jino la kudumu, au meno ya kuvua.

Meno ya kuvua nayo hayalingani. Ya akriliki ndiyo rahisi, na yana faida moja kubwa: jino jingine likitoka, tunaliongeza kwenye bamba lilelile. Udhaifu wake ni kwamba hukaa juu ya ufizi, kila ukitafuna hubonyea, na mfupa chini yake hupungua mapema. Ya fremu ya kobalti na kromi ni membamba, magumu, na yana vijikanyagio vinavyotua juu ya meno yako mwenyewe, hivyo uzito wa makande au nyama ya kuchoma hubebwa na meno badala ya ufizi. Kama bajeti haifiki kwenye vipandikizi na una meno imara yaliyosalia, fremu hii ndiyo ninayoipigia debe. Watu wengi hupewa akriliki kwa sababu tu hawakuuliza. Ya nailoni, yale yanayopinda, hupendwa kwa kuwa hayana waya zinazoonekana. Yanafaa kwa pengo dogo la mbele, lakini kuyakarabati au kuyaongezea jino ni shida, na yakiharibika mara nyingi tunaanza upya.

Nawaomba sana jambo moja. Bamba likivunjika, usiligundishe kwa supaglu. Vipande vikigandishwa hata nusu milimita nje ya mahali pake, havikubali tena kukaa kinywani, na gundi ile huharibu kingo tunazozihitaji kuviunganisha. Leta vipande vikavu kwenye karatasi, vyote.

Meno yote yameisha

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo vipandikizi vinapowasaidia watu kuliko popote, na ndipo vinapotajwa kidogo.

Meno kamili ya bandia ya juu kwa kawaida hukaa. Bamba lake hufunika paa la kinywa, mate yanatengeneza mvuto, na mzee huzoea. Ya chini ni tabu nyingine kabisa. Yana umbo la kwato ya farasi, hayana paa la kushikia, ulimi unayasukuma toka ndani na shavu toka nje, na mfupa ulio chini yake hupungua mwaka hadi mwaka. Mzee huanza kukwepa nyama, kisha mahindi, kisha matunda magumu, mwisho anaishi kwa uji na wali laini. Wengine huyavua kabla ya kula na kuyavaa wakija wageni.

Mwaka 2002 wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, walitoa tamko kwamba kwa mtu asiye na jino lolote taya la chini, chaguo la kwanza liwe meno ya bandia yanayoshikwa na vipandikizi viwili. Viwili tu, mbele, mahali zilipokuwa chonge, ambapo mfupa huwa umebaki hata kwa wazee. Juu ya kila kimoja hufungwa kichwa, na ndani ya meno ya bandia huwekwa kifungo kinacholia “ta” kikinasa, kama kifungo cha koti. Mzee huyavua mwenyewe usiku, huyasafisha, huyarudisha asubuhi. Viraba vya ndani vikilegea hubadilishwa kwa dakika chache. Na kama meno yake ya chini aliyonayo bado ni mazima na yanakaa sawa, mara nyingine yanaweza kuwekewa vifungo hivyo badala ya kutengeneza mengine.

Linganisha na vipandikizi vinne au sita vyenye meno ya kudumu yasiyovuliwa. Haya ni mazuri, na mwenye uwezo asizuiliwe. Lakini bei huongezeka mara kadhaa, na usafi chini yake unadai mkono mwepesi na macho mazuri, vitu ambavyo mtu wa miaka 75 huenda hana. Watoto wanaomchangia mama yao wa Tanga au Mombasa, wengine wakituma fedha toka Muscat au London, ningependa waulize kwanza kuhusu hivyo viwili vya chini. Fedha iliyobaki inaweza kumtengenezea meno mapya ya juu.

Mfupa, muda na mwili

Mfupa haukusubiri ufanye uamuzi. Ndani ya mwaka mmoja baada ya kung'olewa, upana wa ukingo wa taya pale mahali hupungua karibu nusu, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea miezi 3 ya mwanzo. Kama unadhani siku moja utataka kipandikizi, mwambie daktari kabla hajang'oa, ili alitoe jino bila kuvunja kuta za mfupa na pengine ajaze shimo kwa unga wa mfupa. Aliyekaa miaka na pengo bado anaweza kuwekewa, ila huenda akahitaji kuongezewa mfupa kwanza, na hilo ni upasuaji wa ziada, miezi ya ziada na fedha ya ziada. Picha ya eksirei ya pande tatu ndiyo inayoonyesha mfupa ulivyo, pamoja na mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya la chini. Ukiguswa mshipa huo, mdomo hufa ganzi, wakati mwingine kwa kudumu. Daktari anayetaka kuweka kipandikizi karibu na mshipa huo bila picha ya kutosha, omba maoni ya mwingine.

Sukari isiyodhibitiwa huchelewesha kupona na huleta maambukizi. Ikidhibitiwa, mlango uko wazi. Sigara hupandisha wazi uwezekano wa kipandikizi kukataa. Anayechomwa sindano za kuimarisha mifupa kwa sababu ya saratani, au aliyepigwa mionzi ya taya, lazima daktari wa meno na wa saratani wazungumze kwanza. Anayeishi na VVU, anayemeza ARV zake na virusi vimefubazwa, hazuiliwi kwa sababu hiyo pekee. Mwenye ugonjwa wa fizi autibu kwanza, maana bakteria walewale waliolegeza meno yake ya asili watakula mfupa unaozunguka skrubu.

Hapo pana dhana inayowaumiza watu, kwamba titani haiozi kwa hiyo haihitaji mswaki. Haiozi kweli, lakini ufizi unaoizunguka huvimba, mfupa hushuka kimyakimya bila maumivu, na siku unapohisi kulegea huwa umechelewa. Kipandikizi kinataka mswaki mara mbili kwa siku, vibrashi vidogo vya katikati ya meno, na kuonwa na daktari angalau mara moja kwa mwaka. Daraja linataka uzi unaopitishwa chini ya jino linaloning'inia. Meno ya kuvua yanataka kuvuliwa usiku, kusuguliwa kwa sabuni na maji ya kawaida, yakalala kwenye maji. Ya moto huyapindisha, na kulala nayo huleta fangasi wa paa la kinywa.

Wanaosafiri, na kadi ya kipandikizi

Watanzania na Wakenya wengi huenda India kutibiwa, na ndugu zetu wa Ulaya huenda Uturuki, ambako bei huwavuta. Kazi nzuri hufanyika huko. Ila kipandikizi kina hatua mbili zenye miezi kati yake, kwa hiyo piga hesabu ya tiketi mbili, na uliza kwa maandishi nani atakuhudumia skrubu ikilegea ukiwa umesharudi. Uliza pia kama unachouziwa ni vipandikizi kweli au ni kuchonga meno yako yote mazima na kuyavalisha kofia. Picha za tabasamu jeupe hazitofautishi hayo mawili. Ukitibiwa nyumbani, hakikisha daktari amesajiliwa: Tanzania Bara ni Baraza la Madaktari Tanganyika, na Kenya baraza la madaktari, KMPDC, lina orodha mtandaoni. Soma pia mkataba wa bima yako kabla, kwa kuwa bima nyingi hulipa kung'oa na kuziba lakini huacha vipandikizi nje.

Siku ya kuwekewa skrubu, usiondoke bila kadi yenye jina la kampuni iliyoitengeneza, aina, upana, urefu na namba ya toleo. Kila kampuni ina kichwa chake na bisibisi yake, na zipo aina nyingi mno sokoni. Wagonjwa hutuletea kofia iliyolegea baada ya miaka minane, daktari aliyeiweka kahama, na tunabaki tukilinganisha picha za eksirei na vitabu vya watengenezaji ili kubahatisha ni skrubu ya nani. Ipige picha kadi hiyo, uitume kwa mtu mmoja wa nyumbani, na kadi yenyewe uiweke pamoja na cheti chako cha kuzaliwa.